Kisu cha kukunja hakishiki makali: tatizo liko wapi na ufanyeje

Wadau, wengi tunaanza hivi hivi. Unanunua jiwe la kunolea pale duka la vifaa vya ujenzi, lile la kijivu lenye pande mbili, unakaa zako kibarazani na kisu chako cha kukunja, unasugua mpaka kiwiko kinauma, unakuja kujaribu kwenye nyanya, nyanya inabonyea tu. Unarudi jiweni unasugua kwa nguvu zaidi, na ndo kinazidi kuwa butu. Mimi nilikaa na hali hiyo karibu miezi miwili na kisu cha mpini wa mti alichoniachia mjomba, na kiukweli kilichoniumiza ni kwamba mjomba alikuwa anakinoa kwa dakika tano tu, kwenye kipande cha jiwe kilichochakaa kuliko changu. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba mjomba alikuwa anakitazama kisu kila baada ya kupitisha mara chache, anakigeuza juani, anagusa kwa dole gumba, alafu ndo anaendelea. Mimi nilikuwa nasugua tu bila kujua jiwe linagusa wapi.

Kwahiyo nimepanga haya mambo kwa dalili. Tafuta ile inayofanana na ya kwako, lakini naomba kama ndo unaanza kabisa soma dalili mbili za kwanza hata kama unadhani hazikuhusu, maana matatizo mengi ya kisu yanazaliwa hapo.

Kabla ya yote uwe na vitu vitatu karibu: maka pen (ile ya kuandikia kwenye maboksi), tochi ya simu, na gazeti la zamani. Na chini ya jiwe weka kitambaa kibichi ili lisiteleze, hilo usiliruke, watu wanajikata sio kwasababu kisu ni kikali ila kwasababu jiwe lilihama ghafla. Watoto wakae mbali.

Alafu tuelewane maneno. Makali ni miteremko miwili ya chuma, mmoja kulia mmoja kushoto, inayokutana kwenye ukingo. Ikikutana sawasawa, ukingo unakuwa mwembamba kiasi kwamba mwanga hauna pa kukaa. Isipokutana, pale juu panabaki kama kijukwaa chembamba, na ukimulika na tochi huku makali yakikutazama utaona kimstari cheupe kinang'aa. Huo mstari mweupe ndo ubutu wenyewe, unauona kwa macho.

"Nimenoa nusu saa na bado hakikati hata karatasi"

Hii ndo malalamiko namba moja na karibu kila mara sababu ni moja, miteremko yako haijakutana. Unaweza kuwa umekula chuma kingi sana pembeni na ukingo wenyewe hujaugusa hata kidogo.

Pima hivi. Chukua maka pen paka wino kwenye mteremko wote wa makali, upande mmoja, kuanzia shingoni (pale karibu na mpini) mpaka nchani. Pitisha kisu kwenye jiwe mara tatu au nne tu, taratibu, alafu angalia. Kama wino umetoka kwa juu, upande wa mgongo wa kisu, na pale ukingoni kabisa wino bado upo, basi umelaza kisu mno, jiwe linagusa mabega halifiki ukingoni. Ungeweza kusugua hivyo mpaka kesho. Inua mgongo kidogo. Kama wino umetoka ukingoni tu na kwengine kote umebaki, umeinua mno, na hapo makali yatapatikana lakini yatakuwa mapana kama ya shoka na kila ukinoa yanazidi kuwa mapana. Laza kidogo. Kama wino umetoka wote basi uko sawasawa, ni kwamba hujamaliza tu, endelea.

Sasa swali linalofuata huwa ni kuinua kiasi gani. Visu vingi vya mfukoni vinakaa vizuri kwenye nyuzi 20 kila upande, au pungufu kidogo ya hapo. Huna haja ya kifaa cha kupimia pembe. Pima upana wa bapa kwa rula, kuanzia mgongoni mpaka kwenye makali, gawanya kwa tatu, hiyo theluthi ndo urefu wa mgongo kutoka kwenye jiwe. Bapa la milimita 18 inakuwa milimita 6. Panga sarafu mpaka zifike huo urefu, laza mgongo wa kisu juu yake, angalia pembe ilivyo, alafu toa sarafu na ujaribu kuishika hiyo pembe kwa mkono. Ukigawa kwa nne badala ya tatu unapata kama nyuzi 14 na nusu, hiyo ni ya kisu cha kumenyea matunda tu, kwa kisu cha mfukoni kinachokata kamba na maboksi na mua ni nyembamba mno.

Kitu cha pili, umeanza na upande gani wa jiwe? Haya mawe ya pande mbili upande mmoja una chembe kubwa na mwingine chembe ndogo, na watu wengi wanaogopa ule wa chembe kubwa wanaona utaharibu kisu, wanaanza na ule laini. Kisu kilichokufa kabisa ukikianzia kwenye upande laini utachukua masaa. Anza na ule mkali, fanya kazi yote nzito pale, ule laini ni wa kumalizia. Kama unatumia msasa badala ya jiwe (na inafaa kabisa, ule msasa wa maji wanaotumia mafundi rangi wa magari, unaubandika juu ya kioo au kipande cha taili), anza na namba 220 au 320, maliza na 600, au 1000 ukitaka (namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo). Ila kwenye msasa usisukume kwa makali kutangulia, utaukata, unavuta kwa mgongo kutangulia.

Na utajuaje umefika? Hapa ndo kuna siri ambayo mtu asipokwambia utahangaika sana. Ukila chuma upande mmoja mpaka ukafika ukingoni, kile chuma chembamba cha mwisho hakitoki, kinajikunja kwenda upande wa pili, kinakuwa kama ukucha mdogo mno. Mimi nauita ukucha. Huuoni vizuri kwa macho ila unausikia: weka dole gumba kwenye bapa upande wa pili, ule ambao haujaunoa, liburute kutoka mgongoni kuelekea makali na nje (kamwe usiburute kwa urefu wa makali, hapo utajichana), ukifika ukingoni utasikia kitu kinakwaruza, kinashika. Huo ukucha uusikie kuanzia shingoni mpaka nchani, wote, bila kuruka sehemu. Sehemu usipousikia maana yake hapo bado hujafika. Ukishaupata mzima, ndo unageuza upande wa pili na kufanya vile vile mpaka ukucha urudi upande wa kwanza.

Mimi kosa langu la miezi miwili lilikuwa hapo. Nilikuwa napitisha mara kumi kulia mara kumi kushoto kama nilivyoona watu wanafanya, nahesabu. Hesabu haikwambii kitu, ukucha ndo unakwambia. Siku ya kwanza ya kisu kipya au kilichotelekezwa inaweza kuchukua hata dakika ishirini upande mmoja peke yake, ukishaweka miteremko sawa siku nyingine zote ni dakika chache, na ndo maana mjomba alikuwa anamaliza haraka, alishamaliza kazi nzito miaka mingi nyuma.

"Kilikuwa kikali kama wembe, kesho yake kimekufa"

Hii inakatisha tamaa kuliko ile ya kwanza maana ulishafurahi. Unakata karatasi, unanyoa vinyweleo vya mkono, unaita watu waje waone, asubuhi unamenya machungwa mawili na kisu kimerudi kuwa kijiko.

Sababu kubwa ni kwamba hukuutoa ukucha. Uliuacha umesimama wima pale ukingoni, na ukucha uliosimama wima unakata kweli, unakata vizuri mno, kwasababu ni chuma chembamba kuliko karatasi. Lakini hauna mzizi. Ukigusa tu kitu kigumu unalala au unakatika na unaacha ubutu nyuma yake.

Mulika na tochi utauona, ni kama uzi wa mwanga unaotokea sehemu sehemu, ukiinamisha kisu huku unapotea, kule unatokea. Au pitisha makali taratibu kwenye pamba, sio kukata ila kubembeleza tu, pale pamba inaponasa ndo ukucha upo.

Kuutoa: nenda upande laini wa jiwe, pitisha mara moja kulia, mara moja kushoto, kwa zamu, na kila unavyoendelea punguza uzito wa mkono mpaka mwisho kisu kinapita kwa uzito wake chenyewe. Nasisitiza hili la uzito kwasababu ukikandamiza unatoa ukucha mmoja na kuzaa mwingine, unazunguka hapo hapo. Ukiona una kiburi hautoki, inua pembe kidogo tu, pitisha mara moja au mbili kila upande kwa wepesi sana kama unafuta vumbi, huwa unakatika. Kisha maliza kwenye ngozi. Vinyozi wa zamani walikuwa na mkanda wa ngozi ukutani kwa kazi hii hii, na wewe mkanda wako wa suruali unatosha, ule upande wa ndani usiopakwa rangi. Huna mkanda wa ngozi kweli, tumia kipande cha jinzi kilichovutwa juu ya ubao au hata kadibodi ya boksi. Hapa unavuta kwa mgongo kutangulia, mara kumi hadi ishirini kila upande, usikandamize na usiinue mgongo mwishoni mwa mvuto, ile tabia ya kuinua mwishoni inaviringisha ukingo na kazi yote inapotea.

Kama una uhakika ukucha umeisha na bado kisu kinakufa haraka, angalia unakatia juu ya nini. Sahani ya udongo, ya kioo, meza ya marumaru, sinia la chuma, hizo zinaua makali kwa mkato mmoja. Katia kwenye ubao.

Alafu kuna chuma chenyewe. Visu vya bei ya chini kabisa vina chuma laini, vinanoleka haraka na kufa haraka, ndo hali yake, usijilaumu, inua pembe kidogo kuelekea nyuzi 22 hivi na vitadumu zaidi. Victorinox vile vyekundu vya Uswisi chuma chake kinatajwa kuwa 56 kwenye kipimo cha Rockwell, yaani kipimo cha ugumu wa chuma, na huo ni ugumu wa wastani, wamefanya makusudi ili mtu wa kawaida aweze kunoa kwa jiwe la kawaida. Vile vinavyopita 60 vinakaa na makali muda mrefu ila kwa jiwe la kijivu utatoka jasho, hapo bamba la almasi linasaidia sana.

Na mwisho kwenye hili, je kisu kiliwahi kupita kwenye grainda? Naomba nikae hapa kidogo kwasababu nimeona visu vizuri vikiharibika. Makali ni membamba mno kwahiyo yanashika moto haraka kuliko bapa, unaweza kuwa umeshika bapa unaona ni la vuguvugu tu kumbe ukingo umeshaungua. Chuma kikipata moto kwa mara ya pili kinabadilika rangi, kwanza njano kama majani makavu, alafu kahawia, alafu zambarau, alafu bluu, na ikifika bluu ni kama nyuzi joto 300, kwa visu vingi hapo ule ugumu uliowekwa kiwandani umeshapungua na haurudi kwa kunoa. Mnoa visu wa baiskeli anayekanyaga pedali mwenye uzoefu anajua, anagusisha na kuachia, anagusisha na kuachia, anatia maji. Mwenye grainda ya kukatia nondo hana muda huo. Kisu changu kingine kilipita kwa fundi mmoja wa grainda nikarudishiwa kina bluu nchani, ile sehemu haikushika makali mpaka nilipoila yote kwa mkono kwenye jiwe, taratibu, wiki kadhaa, mpaka nikafika kwenye chuma kizima. Inawezekana kuokoa, kwasababu mara nyingi kilichoungua ni ukingo tu. Ila kinga ni rahisi zaidi.

"Katikati kunakata, nchani na shingoni hakuna kitu"

Nchani: bapa linapoanza kupinda kuelekea ncha, wewe mkono wako unaendelea kwenda bapa bapa vile vile, kwahiyo jiwe linaacha kugusa ukingo. Ukifika kwenye mpindo inua mpini kidogo, sio mgongo, mpini, yaani kiwiko kinapanda kidogo. Wino wa maka utakuonyesha. Na simamisha kisu ncha ikiwa bado juu ya jiwe, ukiiacha iteleze ikaanguka pembeni ya jiwe kila mara ndo ile ncha inakuwa duara. Ikishakuwa duara, irudishe kwa kunoa upande wa mgongo karibu na ncha, usile upande wa makali.

Shingoni, pale karibu na mpini, ni shida ya visu vya kukunja hasa, kwasababu kuna sehemu ya bapa nene isiyo na makali na inagonga ukingo wa jiwe kabla makali hayajafika. Tumia ukingo wa jiwe badala ya katikati, au weka kisu kwa mshazari. Na uangalie, ukipita shingoni kila mara kwa nguvu kuliko kwengine baada ya mwaka utakuwa na shimo, makali yanakuwa na tumbo la ndani, ukikata kwenye ubao pale hapagusi.

"Bapa linacheza cheza, au linataka kunifungia vidole"

Pembe haiwezi kutulia kama kisu chenyewe kinalegea. Shika mpini, sukuma bapa kushoto kulia. Likicheza na kuna skrubu, kaza robo mzunguko kwa bisibisi inayoingia vizuri (nyingi ni zile za nyota ndogo, ukilazimisha ya kawaida unaharibu kichwa cha skrubu). Kama ni ribiti, weka kitu kigumu chini yake na uigonge juu kwa nyundo ndogo, kwa wepesi, mara moja, jaribu, mara moja tena. Ukizidisha bapa linakwama.

Sasa la vidole. Visu vingi vya mfukoni havina loki, vina springi tu inayoshikilia. Unaposukuma makali yakitangulia, jiwe linalisukuma bapa kuelekea mgongoni, yaani linazidi kufunguka, uko salama. Unapovuta mgongo ukitangulia, msuguano unalivuta bapa kwa upande wa kujikunja. Nguvu yake ni ndogo ila ukikandamiza ncha huku unavuta, springi ikiwa imechoka, linajifunga na vidole viko njiani. Ndo maana mimi kwa kisu kisicho na loki nanoa kwa kusukuma, na nikija kwenye ngozi au msasa ambapo lazima nivute, dole gumba na cha shahada vinalishika bapa lenyewe, sio mpini peke yake. Vyenye loki funga loki kwanza. Opinel kwa mfano, kile kisu cha Kifaransa cha mpini wa mti, ina ile pete ya kuzungusha shingoni, waliiongeza mwaka 1955, izungushe ndo uanze.

"Tangu ninoe, kinafunguka kwa shida na kinasaga saga"

Tope la jiwe limeingia kwenye kiungo. Lile tope jeusi ni chembe za jiwe na chuma, likikaa pale kila ukifungua unasaga ribiti. Osha kiungo kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, fungua na kufunga mara nyingi ndani ya maji, sukutua, tikisa, kausha kabisa, alafu tone moja la oili ya cherehani. Moja. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda yanakuwa gundi na kunasa vumbi.

Ila kama mpini ni wa mti usikitumbukize majini, hata kwa nia njema. Mti unavimba, unalibana bapa, unakuta hata kucha haiwezi kulitoa. Mimi nilikitumbukiza cha mjomba kwenye beseni na nilihangaika nacho siku tatu. Kikishakubana usilazimishe kwa koleo, kiache kivulini penye hewa siku mbili tatu kikauke taratibu, juani kali mti unapasuka. Na siku nyingine noa kwa maji machache, mpini ukielekea juu ili tope lisitiririkie kiungoni, au zungushia selotepu pale shingoni.

Selotepu hiyo hiyo ibandike na kwenye ubavu wa bapa kama tatizo lako ni mikwaruzo, maana mikwaruzo inakuja kwa kulaza kisu mno au kwa punje zilizobaki mezani. Haiathiri ukataji, ni sura tu.

"Jiwe halili, linateleza tu"

Jiwe limeziba. Likishika rangi ya kung'aa nyeusi na kuwa laini kama kioo, chembe zake zimejaa chuma. Lisugue kwa brashi na sabuni ya unga na maji ya moto. Lililokuwa likipakwa mafuta ya kupikia linahitaji kulowekwa usiku kucha kwenye maji ya sabuni na pengine lisafike nusu tu. Amua tangu mwanzo, jiwe lako ni la maji au la oili, usichanganye, likishakunywa oili maji hayaingii tena.

Angalia pia kama limeingia bonde katikati. Weka rula juu yake kwa mshazari umulike kwa nyuma, ukiona mwanga katikati limeliwa, na kwenye bonde hakuna pembe inayotulia. Lisawazishe juu ya sakafu ya sementi iliyo sawa, mimina mchanga laini na maji, lisugue kwa kuzungusha mpaka lote liwe na rangi moja. Kazi ya robo saa, vumbi lake bichi litakuchafua mpaka kiwiko, ila utashangaa kisu kitakavyotii baada ya hapo.

Na kama huna jiwe kabisa leo, geuza kikombe cha udongo juu chini. Ile duara ya chini isiyo na rangi ya kung'aa ni ngumu kuliko chuma cha kisu, inafaa kurudishia makali yaliyochoka kidogo. Kisu kilichokufa kabisa hakiamki pale.

"Kinanyoa mkono lakini nyanya kinaiponda"

Hapa umenoa kupita. Ngozi ya nyanya na kamba za katani vinataka vijino vidogo visivyoonekana kwa macho, kama msumeno, na wewe umepandisha mpaka msasa 2000 na ngozi na umevilainisha vyote. Kwa kisu cha mfukoni cha kazi za nyumbani mimi nasimama kwenye upande laini wa jiwe la kawaida, au msasa 600, natoa ukucha vizuri, napitisha kwenye ngozi mara tano tu basi. Jaribu kwenye gazeti: kikikata moja kwa moja bila kukwama ni kizuri. Kikivuta kuelekea upande mmoja, kata yako inapinda kushoto kila mara, pembe zako hazilingani, mkono wenye nguvu unakula zaidi. Rudi kwenye wino wa maka pande zote mbili. Kikikwama sehemu ile ile kila mara, weka alama hapo kwa maka, ni ama ukucha umebaki ama kuna jino limevunjika.

Kutu na weusi

Kisu cha chuma cha kaboni (kile kinachoshika kutu, sio stenlesi) ukikatia ndimu au embe bichi kinakuwa na weusi kama wa kijivu, hiyo sio kutu, iache, inasaidia kuzuia kutu. Kutu ni ile nyekundu inayoacha unga. Sisi wa pwani hewa ya chumvi haisamehe, kisu kilichonolewa kikaachwa na unyevu usiku mmoja kinaamka na madoa, na kutu inaanza kula ukingoni kwasababu ndo pembamba, kwahiyo unaweza kukuta kisu hujakitumia na kimekuwa butu. Futa, kausha, pitisha kitambaa chenye oili.

"Kuna pengo linarudi pale pale kila baada ya siku chache"

Mapengo ya kawaida yanatokana na mfupa, waya, pini za maboksi, au makali membamba kuliko kazi. Yanakuwa sehemu yoyote. Unayatoa kwa upande mkali wa jiwe, unakula ukingo wote sawasawa mpaka chini ya pengo, alafu unaanza upya na ukucha kama mwanzo. Pengo dogo sana liache, litaisha lenyewe ndani ya noa mbili tatu.

Lakini ukiona ni pengo moja, mahali pale pale, unalitoa linarudi, basi kisu kinajiuma chenyewe kikifungwa. Kwenye visu vya springi kuna kitako kidogo cha bapa, pale shingoni upande wa makali, ndo kinakaa juu ya springi na kuzuia makali yasiguse ndani. Watu wakinoa shingoni wanakila bila kujua, kinapungua, bapa linazama zaidi, makali yanagonga springi. Wengine hawajakila ila wanaachia kisu kijifunge kwa kishindo, tak!, kwasababu ule mlio ni mzuri, na bapa linadunda mpaka chini.

Kata utepe mwembamba wa karatasi, ulaze ndani ya mpini, funga taratibu kabisa, fungua. Karatasi ikitoka nzima, bapa halifiki chini, shida ni kishindo, uwe unafunga kwa mikono miwili na kuachia pole pole. Karatasi ikitoka na alama au imekatwa, linafika chini hata ukifunga kwa upole. Hapo weka kipande chembamba cha ngozi ndani ya mpini pale penye alama, gundi kidogo, kikauke usiku mzima kisu kikiwa wazi, na kuanzia hapo ukinoa shingoni bandika selotepu juu ya kitako. Kikikata karatasi hata baada ya kuweka ngozi, ongeza unene kidogo kidogo, huku ukiangalia ncha isije ikaanza kuchungulia nje ya mpini kisu kikiwa kimefungwa, maana kitakuchoma mfukoni.